Fagia, Usitie Dawa

Juzi tena. Mama mmoja kanitumia picha ya maua mekundu yaliyotapakaa chini, na ujumbe wa sauti kama wa mtu aliyefiwa: "Papa, hibiskusi yangu inakufa, nitie dawa gani?" Huyo ni wa nne mwezi huu. Nilimjibu kwa ukali kidogo: usitie kitu, chukua ufagio.

Hibiskusi hii tunayozungushia lupango, yaani kiwanja cha nyumba, hapa Lubumbashi, ua lake huchanua asubuhi na kesho yake liko chini. Aina chache hufika siku mbili. Mti unaodondosha kila siku ni mti unaochanua kila siku.

Hofu naielewa. Kinachonikera ni beseni la samadi mbichi ya kuku linalofuata! Mizizi ya juu inaungua. Ikipona, nitrojeni yote inakwenda kwenye majani, maua yanapungua, halafu naitwa tena.

Okota kilichoanguka, ukitazame. Kimejisokota kama sigara? Hilo ni ua lililomaliza kazi. Ni tumba ambalo halijafunguka, limegeuka manjano kwenye kikonyo? Hapo tuongee. Lipasue kwa ukucha, utafute funza au vidudu vyembamba vinavyokimbia. Usipoona kitu, nitakuuliza maji. Septemba na Oktoba jua ni kali, mvua haijakaa sawa. Leo ndoo tatu, kisha siku nne hakuna hata kopo. Matumba hayavumilii hilo.

Ingawa hata mimi hunishinda. Kwangu kuna miti miwili, vipandikizi vya mti mmoja, hatua nne kati yake, ndoo ileile. Mmoja humwaga matumba kila Oktoba, mwenzake hata moja. Nimechimba, nimechungulia, nimesalimu amri.

Kupogoa: ua hutoka kwenye chipukizi jipya, kwa hiyo kata theluthi mwishoni mwa Agosti, baridi ikishaondoka. Acheni kuionea huruma sekateri, ule mkasi wa kupogolea.

Na msiniagizie ile inayostahimili theluji, Hibiscus syriacus. Mwanabotania Linnaeus aliipa jina la Syria, kumbe kwao ni Asia ya Mashariki. Korea Kusini ndilo ua la taifa. Hupukutisha majani ikalala na baridi kali, na baridi yetu ya Julai ni ya kuvalia sweta tu. Shemeji yangu anayo Ubelgiji, nzuri kweli. Agosti iliyopita alinipigia usiku: maua yanaanguka, atie dawa gani?