Uji wa lishe wa asubuhi: karanga ziingie sufuriani, si mashineni

Kila baada ya mavuno, malalamiko tunayopokea kuhusu unga wa lishe hufanana: unga umekuwa mchungu kabla ya mwezi kuisha, unanuka mafuta ya zamani, mtoto ameukataa. Mlalamikaji huja na mfuko wenye mahindi, mtama, ulezi, mchele, ngano, soya na karanga, pengine na dagaa, vyote vimesagwa kwa mkupuo mmoja. Anamlaumu mwenye mashine. Mara nyingi mwenye mashine hana kosa.

Karibu nusu ya uzito wa karanga ni mafuta. Zikishasagwa, mafuta hayo hukutana na hewa na kuchacha, na unga wote mfukoni hushika harufu. Dagaa vivyo hivyo. Soya mbichi ina viambata vinavyozuia mwili kumeng'enya protini, na muda wa kuivisha unga wa mahindi hauitoshi. Ama mahindi, mtama, mchele na ulezi, zote ni nafaka. Kuzirundika pamoja hakumpi mtoto mlo kamili, kunaongeza tu idadi ya magunia, na gunia moja likiwa na ukungu limeharibu mfuko mzima. Hili limesemwa kliniki, redioni na kwenye mikutano ya vijiji, lakini bado tunaulizwa kama nafaka saba hazizidi tano kwa ubora. Saga nafaka moja, zikizidi ziwe mbili. Vingine viongezwe wakati wa kupika.

Kazi kubwa iko kwenye ungo. Tandaza mahindi penye mwanga, kiasi kidogo kidogo, uondoe punje zilizovunjika, zilizosinyaa, zilizotobolewa na wadudu na zenye rangi ya kijani, kijivu au nyeusi. Karanga nazo chambua hivyo hivyo kabla ya kukaanga, kwa sababu zikishakaangwa na kusagwa huwezi tena kuona iliyooza. Ndiyo maana hatushauri kununua karanga za unga zisizo na lebo, hata kama bei inavutia. Mabaki usiwape kuku wala ng'ombe: sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu, anayoila ng'ombe hutokea kwenye maziwa.

Na tuelewane hapa: kuchemsha hakuondoi sumukuvu. Kuvu hufa, sumu yake inabaki, kwa kuwa inahimili joto la jiko la nyumbani. Mwaka 2016 watu 20 walifariki mikoa ya kati ya Tanzania, Dodoma na Manyara, baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo, na chakula hicho kilikuwa kimepikwa. Kiwango cha sumukuvu hiyo, iitwayo aflatoksini, kinachoruhusiwa kwa mahindi ni mikrogramu 10 kwa kilo, na aina yake kali zaidi, B1, isizidi 5. Jicho haliwezi kupima hayo, lakini uchambuaji hupunguza sana. Kukoboa pia hupunguza, maana sehemu kubwa ya sumu hukaa kwenye ganda na kiini. Dona ina nyuzinyuzi na vitamini zaidi ya sembe, ila isagwe kwa mahindi safi tu.

Unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5. Asiye na kipimo atumie chupa kavu yenye kifuniko: jaza mahindi hadi theluthi, weka vijiko vitatu vya chakula vya chumvi iliyokauka kabisa, tikisa kwa dakika moja, acha dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umepita asilimia 15, rudisha mahindi kwenye turubai. Isipoganda, usishangilie bado. Anika siku moja zaidi. Saga unga wa wiki mbili au tatu, na uupoze kabla ya kufunga. Unga uliotoka mashineni ukiwa wa moto hutoa jasho ndani ya mfuko.

Kwa watu watano, tumia kikombe 1 cha unga na vikombe 5 vya maji. Koroga unga kwa kikombe 1 cha maji baridi hadi madonge yaishe. Vikombe 4 vichemke, kisha mimina mchanganyiko huku unakoroga. Anayemwaga unga mkavu kwenye maji ya moto atapata madonge yaliyoiva nje na mabichi ndani, hata akoroge mpaka saa sita. Punguza moto, pika dakika 15 hadi 20. Vijiko vitatu vya karanga zilizokaangwa na kusagwa vivuruge kwanza pembeni kwa upawa mmoja wa uji, ndipo urudishe sufuriani na upike dakika 5 za mwisho. Maziwa yawe yamechemshwa. Ukitaka ndimu au unga wa ubuyu, weka baada ya kuepua, na usichanganye na maziwa, yatakatika. Chai ya rangi isinywewe pamoja na uji. Hupunguza madini ya chuma yanayofyonzwa mwilini. Asali asipewe mtoto wa chini ya mwaka mmoja.

Kwa mtoto mdogo, uji mwepesi hujaza tumbo kwa maji. Pika mzito, ulainishe kwa kimea cha ulezi. Loweka ulezi usiku kucha, chuja, funika kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili, anika, pekecha mizizi itoke, saga. Uji ukishaepuliwa na kupungua moto kidogo, koroga kijiko 1 cha chai cha kimea kwa kila kikombe, subiri dakika 10, kisha uchemshe tena. Kimea kikiwekwa uji ukitokota hakilainishi kitu. Mtama tusiutumie hapa, miche yake ina sianidi.

Sasa kwa wanaofungasha na kuuza. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula uko TBS (Shirika la Viwango Tanzania), si TFDA (iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa), na anayesema hakupata taarifa amechelewa. Jengo linasajiliwa, bidhaa inathibitishwa. Mjasiriamali mdogo aanzie SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, apate barua ya utambulisho. Lebo ionyeshe jina la bidhaa, viambato kuanzia kilicho kingi kwa uzito, uzito halisi, jina na anwani ya mzalishaji, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, na namna ya kuhifadhi. Maneno "unatibu" na "unaongeza CD4" (chembe za kinga ya mwili) hayaruhusiwi. Anayekiuka hukamatiwa bidhaa, ikateketezwa kwa gharama zake, jengo likafungwa, na akifikishwa mahakamani anakabiliwa na faini, kifungo au vyote viwili.

Mwenye malalamiko alete unga uliobaki ukiwa kwenye mfuko wake wa awali, lebo haijachanika, pamoja na risiti, na aeleze ulifunguliwa lini na ulihifadhiwa wapi. Unga uliohamishiwa kwenye ndoo ya jikoni tutaupokea kwa heshima, ila hatuwezi kuutumia dhidi ya muuzaji.