Midomo na ngozi baada ya miaka 40: punguza kwanza, ndipo upake

Mtu mwenye midomo inayobabuka mwaka mzima huwa na vikopo vinne vitano vya mafuta ya mdomo kwenye mkoba, na mara nyingi kimojawapo ndicho mchawi. Hali hii hujitokeza zaidi kadiri umri unavyosonga, kwa sababu ngozi huchelewa kujitengeneza, na vitu ilivyokuwa ikivivumilia zamani huanza kuikera. Ndiyo maana swali langu la kwanza huwa ni hili: unapaka nini, na tunaweza kuacha kipi?

Midomo haijaumbwa kama ngozi ya shavu. Ile sehemu yake yenye rangi imefunikwa na safu 3 hadi 5 tu za seli, ilhali usoni safu hizo hufika hata 16. Haina tezi za jasho, na tezi za mafuta ama hazipo kabisa ama ni za kuhesabu. Melanini yake, ile rangi asilia inayokinga ngozi na jua, nayo ni kidogo kuliko ya ngozi inayoizunguka. Maji hutoka kwa urahisi, mafuta ya kuyazuia hayapo, na jua hupenya.

Umri ukiongezeka, kolajeni na elastini, protini zinazoipa ngozi uimara na mnyumbuko, hupungua. Mdomo wa juu hurefuka na kuwa bapa, ile sehemu yenye rangi hujikunja kuelekea ndani, na mistari ya wima hujichora juu yake. Kwa wanawake hedhi ikikoma kasi huongezeka: takriban asilimia 30 ya kolajeni ya ngozi hupotea katika miaka 5 ya kwanza. Sigara huharakisha mambo kwa njia mbili, kwa kemikali zinazovunja kolajeni na kwa kule kukunja midomo kila unapovuta. Meno yaking'oka, au meno ya bandia yakilegea, midomo hukosa egemeo na kuingia ndani. Hapo hakuna krimu itakayosaidia. Hiyo ni kazi ya daktari wa meno.

Kwa nini midomo haiponi

Tabia ya kwanza ya kuacha ni kulamba. Mate hulainisha kwa dakika moja, kisha hukauka na kuiacha ngozi ikiwa kavu kuliko mwanzo. Isitoshe, mate yana vimeng'enya vya kusaga chakula, na ngozi nyembamba namna hii haivihimili siku nzima. Wengi hulamba bila kujijua, hasa wanaolala midomo wazi kwa sababu pua imeziba, na wanaotumia dawa zinazokausha kinywa, kama baadhi ya dawa za mzio, za sonona na za kibofu. Ukiona wekundu au weusi uliozunguka midomo kwa mpaka ulionyooka, unaoishia pale ulimi unapofika, jibu umeshalipata.

Baada ya hapo, geuza kopo usome kibandiko. Ninavyovitafuta kwanza ni mentholi, kafuri, mnanaa, mdalasini, asidi ya salisiliki na manukato ya aina yoyote. Ule ubaridi wenye kuchoma kidogo, unaomfanya mtu aseme dawa inafanya kazi, ni ngozi inayochokozwa. Halafu kuna vitu vipole vinavyoweza kuleta mzio kwa baadhi ya watu: lanolini (mafuta ya sufu ya kondoo), gundi ya nyuki (propolisi), na hata mafuta ya nyonyo, ambayo yamo katika rangi nyingi za mdomo. Neno "asilia" kwenye kopo halimaanishi lolote hapa. Mdalasini ni wa asili na unaunguza vizuri tu.

Dawa ya meno husahaulika, na kwangu inashika nafasi ya juu kabisa kwenye orodha ya watuhumiwa. Povu lake kwa kawaida hutokana na kiungo kinachofupishwa SLS kwenye kibandiko, na ladha yake hutoka kwenye mnanaa au mdalasini. Povu hilo hubaki kwenye kingo za midomo asubuhi na jioni, miaka nenda miaka rudi. Chagua isiyo na SLS wala ladha kali. Kabla ya kupiga mswaki paka mafuta kidogo kuzunguka midomo, na ukimaliza suuza kwa maji na nje pia, si ndani ya kinywa peke yake.

Ninachopendekeza ni wiki 4 za kupumzisha midomo. Weka kando kila kitu, pamoja na rangi ya mdomo, na ubaki na mafuta ya mgando meupe yasiyo na harufu. Hayaleti maji, kazi yake ni kuyafunika yasitoke, na kwa hilo hakuna kinachoyashinda kwa urahisi. Kwa sababu hiyo, kuyapaka kwenye midomo mikavu kabisa ni kupoteza nusu ya faida. Lowesha midomo, gusisha kitambaa ili maji yasidondoke lakini unyevu ubaki, kisha paka mafuta kiasi cha punje ya mchele kwa midomo yote miwili, ukivuka kidogo mpaka wa rangi, kwani ndipo nyufa huanzia. Rudia baada ya kila mlo, na usiku ongeza yawe mazito. Glisirini tupu siishauri: huvuta maji kwa nguvu, na hewa ikiwa kavu huyavuta kutoka kwenye ngozi yenyewe.

Vigaga visibanduliwe. Kigaga kikichomoza na kukukera, weka kitambaa chenye maji ya uvuguvugu kwa dakika 5, paka kigaga mafuta, na kilichosimama kikate kwa mkasi mdogo badala ya kukivuta. Kusugua midomo kwa sukari au kwa mswaki hung'arisha kwa saa chache tu, kwa sababu umeondoa safu ambazo hukuwa nazo nyingi.

Ukimaliza wiki hizo na midomo bado inababuka, omba kwa daktari wa ngozi kipimo cha mzio cha kubandika. Vibandiko vyenye viambato mbalimbali huwekwa mgongoni kwa saa 48, husomwa vinapotolewa, na husomwa tena siku moja au mbili baadaye. Nenda na kila kinachogusa midomo yako, hata dawa ya meno.

Pembe za mdomo

Mipasuko ya kwenye pembe ni habari nyingine, na mafuta ya mgando peke yake hayaimalizi. Mikunjo ikiongezeka kina kwa umri, mate hutuama pale, ngozi hulainika kupita kiasi, kisha fangasi na bakteria hupata makao. Krimu ya mikonazoli inafaa kwa sababu hushughulikia fangasi na pia baadhi ya bakteria. Hupakwa kidogo mara 2 kwa siku, na huendelea kwa siku kadhaa baada ya mpasuko kufunga. Anayetumia warfarini asiiguse kabla ya kuzungumza na daktari wake, kwani huongeza nguvu ya dawa hiyo ya kuzuia damu kuganda. Pembe zikishapona, paka mafuta ya mgando kila usiku ili mate yasifike kwenye ngozi.

Mipasuko inayorudi kila baada ya wiki chache ina chanzo. Meno ya bandia yanayolaliwa usiku kucha hufuga fangasi. Yavuliwe, yasuguliwe kwa brashi na yalazwe majini. Upungufu wa madini ya chuma, vitamini B12 au foleti huonekana pale pale pembeni, na kisukari kisichodhibitiwa vilevile. Kipimo cha damu hujibu mengi kuliko krimu ya tatu.

Jua, na mdomo wa chini

Mdomo wa chini umetokeza mbele na kutazama juu, hivyo hupokea jua kwa miaka yote uliyoishi. Saratani ya mdomo inayotokana na jua hutokea hapo mara nyingi sana kuliko juu. Kabla yake huja dalili tulivu: mpaka kati ya rangi ya mdomo na ngozi unafifia, panatokea ukavu usioisha mahali pamoja, doa jeupe au sehemu inayokwaruza ukipitisha kidole. Simama kwenye mwanga wa mchana mbele ya kioo, nyoosha mdomo wa chini, uufuate mpaka huo toka pembe hadi pembe. Kidonda au gamba lililokaa mahali pale pale zaidi ya wiki 3 lipelekwe hospitali, ambako huenda daktari akakata kipande kidogo cha kupima. Wenye ualbino na waliopandikizwa viungo wasingoje hata hizo wiki 3. Dawa ya shinikizo la damu ya haidroklorothiazidi nayo imehusishwa na saratani ya mdomo na ya ngozi. Usiiache kwa uamuzi wako, ila mtajie daktari na ujikinge zaidi.

Kinga ya midomo iwe ya SPF (kiwango cha kinga ya jua) 30 au zaidi, yenye kuzuia pia miale ya UVA. Paka tabaka linaloonekana, urudie kila baada ya saa 2 na kila baada ya kula na kunywa, maana hii ndiyo kinga pekee ambayo mtu huila. Kwa uso na shingo, kamua mistari miwili ya krimu kwenye kidole cha shahada na cha kati, kuanzia shina hadi ncha. Anayepaka nusu ya kiasi hicho hapati SPF iliyoandikwa kwenye chupa. Watu weusi huchelewa kupata makunyanzi ya jua, lakini huwahi kupata madoa, na madoa hayo huchochewa hata na mwanga unaoonekana kwa macho. Krimu yenye rangi ya ngozi, iliyotiwa oksidi za chuma, huzuia mwanga huo vizuri kuliko ile isiyo na rangi.

Usoni: kiambato kimoja chenye kazi

Midomo ikishatulia na kinga ya jua ikiwa mazoea, ndipo ninapozungumzia retinoidi, yaani viambato vya jamii ya vitamini A. Tretinoini huandikwa na daktari. Retinoli huuzwa bila cheti, nayo ni dhaifu zaidi kwa sababu ngozi lazima iibadilishe mara mbili kabla haijafanya kazi. Anza na retinoli ya asilimia 0.1 hadi 0.3, usiku 2 kwa wiki. Nawa, kausha, subiri ngozi ikauke kabisa, funika pembe za mdomo, mikunjo ya pua na kope kwa mafuta ya mgando, kisha sambaza kiasi cha punje moja ya njegere kwa uso mzima. Krimu ya kulainisha ifuate juu. Ukimaliza wiki 4 bila kuchomwa, ongeza usiku mmoja.

Kuwasha na kubabuka hutokea, hasa mwanzoni, na mtu mwenye umri mkubwa hubabuka mapema zaidi. Kosa la kawaida ni kuongeza kiasi ili matokeo yaje haraka. Hayaji haraka; hesabu miezi 3 hadi 6. Mistari ya juu ya mdomo hulainika, lakini ile iliyozama haifutiki kwa krimu, na anayekuuzia ahadi hiyo anakuuzia kopo. Mjamzito au anayetafuta ujauzito asitumie retinoidi za aina yoyote.

Krimu za kung'arisha zisizotaja viambato vyake ni hatari kubwa kwa ngozi hii. Nyingine zina steroidi kali, ambayo huifanya ngozi kuwa nyembamba na kuijaza mishipa inayoonekana. Nyingine zina zebaki, ambayo huharibu figo. Haidrokwinoni ikitumika kwa muda mrefu bila uangalizi huleta weusi wa kijivu usioondoka. Aliyetumia steroidi kwa miezi mingi asikatishe ghafla, kwani uso unaweza kulipuka kwa wekundu na vipele. Daktari humshusha taratibu.

Mwilini

Miundi ndiyo hukauka kwanza. Ngozi yake hupasuka kama udongo wa bwawa lililokauka, kisha huwasha usiku, mtu hujikuna, na ukurutu huanza. Sabuni ya kipande ina pH (kipimo cha tindikali) ya 9 hadi 10, na ngozi yenye afya iko karibu na 5, kwa hiyo sabuni iende kwapani, sehemu za siri kwa nje na nyayoni. Kwingine maji yanatosha. Oga kwa maji ya uvuguvugu, dakika 5 hadi 10, bila kusugua kwa dodoki gumu. Jifute kwa kugusisha taulo na upake krimu nzito ndani ya dakika 3, ukishuka kufuata vinyweleo.

Krimu ya urea ya asilimia 5 hadi 10 inafaa miundi na mikono. Ya 20 na kuendelea ni ya visigino. Urea huuma vibaya kwenye ngozi iliyochanika, kwa hiyo palipo na nyufa tanguliza mafuta ya mgando kwa siku chache, ndipo uianze. Mwasho wa mwili mzima usio na vipele, unaoendelea wiki kadhaa licha ya kupaka vizuri, usihangaike nao kwa krimu: pima figo, ini, tezi ya shingo na kiwango cha chuma kwenye damu.