Uchovu wa kazi kwa wahudumu wa afya: maana yake

Muuguzi aliyeunganisha zamu mbili, akaenda nyumbani akalala fofofo, akaamka yuko sawa, huyo alichoka tu. Uchovu wa kazi unaozungumzwa na watafiti ni mwingine. Hauondoki kwa usingizi. Mtu anatoka likizo, na kabla hata ya kufika wodini siku ya kwanza anajihisi kana kwamba hakupumzika kabisa.

Shirika la Afya Duniani linaueleza kuwa hali inayotokana na msongo sugu wa kazini ambao haukudhibitiwa. Katika toleo la 11 la orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, lililoanza kutumika Januari 2022, uchovu huu umo, lakini umewekwa kama jambo la kikazi na haukuhesabiwa kuwa ugonjwa. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, ni kitu kingine: hiyo humfuata mtu kila aendako, hata kwenye mambo aliyokuwa akiyapenda. Dalili zake hufanana na za uchovu wa kazi, na mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili, kwa hiyo anayefikiria kujidhuru asiambiwe ni kazi tu imemchosha. Apelekwe kutibiwa.

Aliyeufungulia mjadala huu mlango ni mwanasaikolojia Herbert Freudenberger, katika makala ya mwaka 1974. Alikuwa akijitolea katika kliniki ya bure jijini New York, na aliona kwamba walioishiwa nguvu ni wale wenye moyo zaidi wa kazi. Wavivu, nadhani, wana kinga yao.

Mwaka 1981 Christina Maslach na Susan Jackson walichapisha kipimo kinachotumika hadi leo, chenye maswali 22 yanayouliza ni mara ngapi unajisikia hivi au vile. Kinapima mambo matatu: kuishiwa nguvu za kihisia, ubaridi kwa unaowahudumia, na kujiona hakuna la maana unalofanya.

Hilo la pili ndilo lisiloeleweka. Kwenye makabidhiano ya zamu, mgonjwa mwenye jina lake anageuka kuwa "kitanda namba nne". Muuguzi anaweka kanula, ule mrija mdogo wa kwenye mshipa, vizuri kabisa, mshipa anaupata mara ya kwanza, ila hakusema neno tangu aliposhika mkono wa mgonjwa. Ndugu akiuliza swali, anajibiwa na mtu aliyeinamia faili. Ndugu huyo ataenda kusimulia kwamba wauguzi wa pale wana roho mbaya. Wapo wa hivyo, tusidanganyane. Lakini mara nyingi ubaridi ule ni ngao: aliyefunika maiti usiku akatakiwa kurudi kesho yake, hupunguza kuhisi ili aweze kurudi.

Kuhusu chanzo, wengi hutaja wingi wa kazi wakaishia hapo. Maslach na mwenzake Michael Leiter walitaja maeneo sita: mzigo wa kazi, uwezo wa kujiamulia, malipo na kutambuliwa, mahusiano ya kazini, haki, na maadili. Ukosefu wa haki unaonekana hata kwenye ratiba, pale majina yaleyale yanapoangukia zamu za usiku kila sikukuu. Maadili ni mazito zaidi. Muuguzi anajua mgonjwa asiyejiweza anatakiwa kugeuzwa mara kwa mara asipate vidonda vya kulalia. Yuko peke yake na wodi nzima. Hamgeuzi, na wiki ijayo ndiye atakayekisafisha kidonda kile. Andrew Jameton, katika kitabu chake cha mwaka 1984 kuhusu maadili ya uuguzi, aliita hali hii dhiki ya kimaadili: unajua lililo sahihi, na mfumo unakuzuia kulitenda.

Ndiyo maana semina za kuvuta pumzi na kutuliza akili zina faida ndogo zikiletwa peke yake. Aliyehudhuria anarudi kwenye wodi ileile, yenye muuguzi mmoja.

Takwimu nazo zisomwe kwa tahadhari. Mapitio ya tafiti 182 kuhusu madaktari, yaliyochapishwa mwaka 2018, yalikuta viwango vya uchovu kuanzia asilimia 0 hadi 80.5, kwa sababu watafiti walikuwa wakitumia fasili zisizopungua 142. Ukisoma kwamba nusu ya madaktari wa mahali fulani wamechoka, tafuta kwanza walipimwa kwa kipimo gani, na nani aliamua kiwango cha kuitwa umechoka kianzie wapi.