Usiniulize mgongo wa farasi mzima huenda nyuzi ngapi

Jumamosi iliyopita, kwenye zizi moja huko Karen, Nairobi, nilionyeshwa simu yenye namba za kihisi, kifaa kidogo cha kupima mwendo kinachobandikwa mgongoni, kabla hata sijamgusa farasi. "Daktari, hebu tazama. Mgongo wake unakwenda nyuzi (digrii) nne tu. Wa rafiki yangu ni nane. Huyu wangu amekakamaa, sivyo?" Mama wa watu hakuwa amelala. Alikuwa ameshamsimamisha kazi farasi wake wiki mbili, amenunua tandiko jingine, na sasa alitaka nimchome sindano za mgongo.

Hii ni mara ya nne tangu mwaka uanze kuulizwa swali hilohilo, na kila mara anayelipia ni mnyama asiye na ugonjwa. Nilimpapasa jike yule kuanzia mabegani hadi matakoni. Saisi, yaani mtunza farasi, akamtembeza, akamtoa troti (mwendo wa mchakamchaka) kwenye lami, kisha kwenye mchanga, akamzungusha kwa kamba kushoto na kulia. Anakula, anapokea tandiko bila kununa, anarudi nyuma bila kugoma. Farasi mzima.

Kwanza niseme mgongo wenyewe ulivyo. Pingili 18 za kifua, kila moja na mbavu zake, halafu 6 za kiuno (baadhi ya farasi wa Kiarabu wana 5), halafu 5 zilizoshikana zinazobeba nyonga. Mwaka 1980 watafiti Jeffcott na Dalin waliandika juu ya ugumu wa asili wa mgongo huu, na mwaka 1983 Townsend na wenzake, wakipima migongo ya farasi waliokufa, wakaonyesha kwamba kuinuka na kubonyea kwingi kunatokea pale kiuno kinapoungana na nyonga, ilhali kupinda kando na kusokoteka kunakuwa kwingi katikati ya kifua. Pingili za kiuno karibu hazipindi kando, kwa sababu za mwisho zimeungana hata kwenye mbawa zake, ile mifupa inayotokeza kando. Kwa hiyo mwalimu anayekuambia farasi wako apinde sawasawa kutoka masikioni hadi mkiani anaomba kitu ambacho mifupa hairuhusu. Naliacha hilo hapo, maana si lililonipandisha hasira.

Lililonipandisha hasira ni watu kuchanganya kwenda na kupinda.

Mtu anabandika kihisi kimoja juu ya kiuno, anampeleka farasi troti, anaona mchoro unapanda na kushuka, anasema: mgongo unafanya kazi. Hapana. Katika troti miguu ya mshazari inatua jozi kwa jozi, na kila jozi inapotua kiwiliwili chote kinashuka, kisha kinarushwa juu. Mara mbili kwa kila hatua kamili. Kifua, kiuno, nyonga na tumbo, vyote vinapanda pamoja kwa sentimita kadhaa. Aliyekua Lamu ataniwahi kuelewa: jahazi likipanda na kushuka na wimbi, mbao zake hazijapinda hata kidogo. Ukitaka kujua kama mbao zimepinda, hutazami jahazi limepanda kiasi gani. Unatazama omo na tezi, mbele na nyuma yake, kwa wakati mmoja, uone kama moja inainama zaidi ya nyingine.

Ndivyo ilivyo kwa farasi. Kihisi kimoja, hata kiwe cha bei gani, kinakupa mwendo wa mahali kilipobandikwa dhidi ya ardhi. Hata kikikupa nyuzi badala ya sentimita, ni nyuzi za sehemu hiyo kuinama dhidi ya ardhi, si za pingili moja dhidi ya jirani yake. Kupinda ni tofauti baina ya sehemu mbili au tatu zilizopimwa kwa sekunde ileile. Mtu asiyeweza kuniambia vihisi vilikuwa vingapi na vilibandikwa wapi hajanipa kipimo bado, na mimi sitamtibu farasi kwa namba hiyo.

Halafu kuna ngozi. Chini ya kihisi kuna ngozi inayoteleza juu ya mfupa, na kando yake misuli mirefu ya mgongo inayovimba na kulegea kila hatua. Ndiyo maana watafiti wa Utrecht (Uholanzi) na Uppsala (Uswidi), katika kazi iliyotoka mwaka 2000 na kuendelea, walikwenda hadi kwenye mfupa wenyewe: walipigilia pini za chuma kwenye pingili za farasi wazima watano, pingili nane kwa kila mmoja, wakawapitisha kwenye tredimili, mashine ya kutembelea papo hapo, mbele ya kamera. Naziheshimu sana namba zile, ndizo msingi wetu. Lakini najiuliza kila ninapozisoma: farasi mwenye pini nane mgongoni anatembea kama alivyotembea jana yake? Walikuwa farasi watano tu. Na hakuna mwenye farasi Nairobi atakayeniruhusu nipigilie chochote, kwa hiyo mimi nabaki na ngozi, nabandika katikati kabisa juu ya miiba ya pingili, zile ncha za mfupa zinazotokeza juu, ambako utelezi ni mdogo, nanyoa manyoya kidogo, na naandika kitabuni mahali hasa nilipobandika.

Sasa zile nyuzi. Katika troti, kuinuka na kubonyea kwa pingili za farasi wale wenye pini kulikuwa kama nyuzi 3 hadi 5. Katika kutembea, sehemu ya nyuma ya mgongo ilikaribia 7 au 8. Nilimuuliza yule mama: rafiki yake alimpima farasi katika mwendo gani? Akapiga simu palepale. Akitembea. Na wa kwake? Troti. Nne yake na nane ya rafiki zote ni za farasi wazima, ila ni za miendo miwili tofauti. Wiki mbili za kusimamishwa kazi zilitokana na hilo.

Ninapoeleza hivi wengi wanadhani troti ina nguvu zaidi, basi mgongo ungepaswa kwenda zaidi. Ni kinyume. Katika troti misuli ya mgongo na ya tumbo inakaza ili kiwiliwili kisitikisike, na ukiongeza kasi ya troti, mwendo wa mgongo unapungua tena. Farasi aliyepimwa siku ya uvivu na akapimwa tena siku aliyochangamka atakupa namba mbili, na ile ndogo ndiyo ya siku aliyochangamka. Kichwa kikiwa juu au chini, namba inabadilika. Tandiko lililowekewa uzito wa kilo 75 juu yake linaubonyeza mgongo mzima hata kama upana wa mwendo haubadiliki. Mchanga si lami. Tredimili si uwanja, na farasi asiyeizoea hutembea kwa woga.

Jambo moja linalonipa moyo ni kwamba farasi mmoja, akipimwa vilevile, hujirudia vizuri siku hadi siku. Wanaotofautiana ni farasi na farasi. Mchoro wa mgongo wa huyu ni kama mwandiko wake. Kwa hiyo ninampima farasi akiwa mzima, naweka kipimo kile, na siku akiugua namlinganisha na yeye mwenyewe. Wale wanaoniita kwa mara ya kwanza siku farasi ameshaanza kugoma wananiomba nisome barua ya mtu ambaye sijawahi kuona mwandiko wake.

Na sindano. "Mchome ganzi, Daktari, akilegea tutajua alikuwa na maumivu." Hili nalikataa kwa sauti. Mwaka 2006 lilichapishwa jaribio ambalo farasi wasio na maumivu ya mgongo walichomwa ganzi katikati ya miiba ya pingili, na migongo yao ikaenda zaidi kuliko kabla. Farasi wazima! Ganzi inanyamazisha hata hisia za kawaida zinazoiambia misuli ikaze kiasi gani. Mgongo kulegea baada ya sindano si ushahidi wa ugonjwa, na mtu asitumie hilo kumuuzia mwenye farasi sindano nyingine tano.

Wala namba kubwa si afya. Farasi wenye maumivu ya mgongo waliopimwa Uswidi walikuwa na kuinuka na kubonyea kudogo, lakini mahali fulani walipinda kando zaidi ya wenzao wazima. Maumivu yanaweza kupunguza hapa na kuongeza pale.

Linalonisumbua zaidi mimi mwenyewe ni neno "mzima". Katika tafiti nyingi farasi mzima ni yule anayefanya kazi, ambaye mpandaji hamlalamikii na daktari hakuona kitu. Nami nimewahi kukosea hapo. Huko Gilgil nilimpima farasi mmoja wa polo, namba zake zikafanana na za miezi sita nyuma, nikaandika mzima. Saisi wake, mzee aliyemlea tangu akiwa mtoto, akaniambia: "Daktari, huyu leo haweki mguu wa nyuma wa kushoto kama jana." Nilimsikia, nikampa shukrani, nikaondoka. Wiki tatu baadaye alikuwa akichechemea mguu huohuo. Tangu hapo namuuliza saisi kabla sijafungua sanduku la vihisi, na jibu lake nalinakili kwenye ukurasa uleule wa namba.

Jike wa Karen nimemrudisha kazini. Jumanne tunampima upya: saa moja asubuhi, bila tandiko, kwenye njia ileile ya mchanga, akitembea kwanza kisha troti, mara tatu kila mwendo, saisi wake yuleyule ameshika kamba. Nimemwomba mama asiniulize namba siku hiyo. Nitamwonyesha tutakapokuwa na vipimo vitatu vya kuweka kando kwa kando.