Mti Unaozaa Sana Waweza Kukosa Mche: Dhana Potofu Kuhusu Mbegu za Miti Inayotoweka

Wakazi wengi wa Dar es Salaam huamini kwamba mti ukilindwa usikatwe, mengine yatajipa yenyewe: utachanua, utazaa, mbegu zitadondoka na miche itaota. Kwa mwarobaini imani hiyo haina ubaya, kwa kuwa huo huota hata kwenye nyufa za ukuta. Kwa miti ya misitu ya pwani iliyo hatarini kutoweka, imani hiyo hiyo ndiyo inayotufanya tuhesabu matunda mahali ambapo tungepaswa kuhesabu miche.

Mfano ulio wazi zaidi nchini ni mti ambao wataalamu huuita Karomia gigas, mrefu, wenye majani mapana kama sahani ya wali, na ulio katika familia moja na msaji na kivumbasi. Ulikusanywa kwa mara ya kwanza pwani ya Kenya mwaka 1977, na miti iliyojulikana huko ikaja kukatwa. Mwaka 1993 ulipatikana Kilwa, mkoani Lindi, kisha ukapotea tena machoni pa wataalamu, hadi mwaka 2011 wataalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipoukuta huko huko Kilwa. Miti iliyokomaa ilikuwa michache ya kuhesabika kwa vidole.

Dhana ya kwanza, na ndiyo iliyoenea kuliko zote, ni kwamba mti unaosheheni matunda hauwezi kuwa tasa. Tunda la Karomia limezungukwa na utando mpana, mkavu na mwepesi unaolisaidia kupeperushwa na upepo, na ndani yake mna nafasi ya mbegu nne. Nafasi si mbegu. Mwaka 2018 maelfu ya mbegu hizo yalipelekwa kwenye Bustani ya Mimea ya Missouri, mjini St. Louis, Marekani, na ni sehemu ndogo sana iliyoota, kwa kuwa nyingi hazikuwa na kiini hai na kuvu nao ulikuwa umezishambulia. Anayetaka kujua hali ya mbegu za mti wowote hana haja ya maabara kwa kuanzia: achukue kiasi kidogo, azipasue kwa wembe, na atazame. Mbegu nzima imejaa nyama ngumu, nyeupe au ya rangi ya maziwa. Iliyo tupu ina ganda na hewa tu. Iliyooza ni nyeusi au ya kahawia na hubonyea kwa ukucha. Kwa nje zote tatu zaweza kufanana kabisa, na hapo ndipo macho ya mpita njia yanapodanganyika.

Utupu huo unaweza kuletwa na mambo kadhaa, na miti inapobaki michache chavua, ule unga wa maua unaorutubisha mbegu, ndiyo ya kushukiwa mapema. Mti uliobaki peke yake hukosa chavua ya mwenzake, na ule unaojichavusha au kuchavushwa na ndugu yake wa karibu mara nyingi huzaa mbegu dhaifu. Kwa mvule jambo hili ni kali zaidi, kwa sababu una miti dume na miti jike. Ukikata dume pekee lililo karibu, jike litabaki limesimama bila faida kwa uzazi. Mbegu za mvule husambazwa pia na popo wa matunda, wale wale tunaowalaani kwa kuchafua kuta na magari yetu.

Wengine husema kuwa mbegu ikishafika ardhini husubiri mvua hata miaka kumi. Zipo zinazoweza, hasa zenye ganda gumu, lakini mbegu za mkangazi hupoteza uhai mapema zikihifadhiwa bila uangalifu, na za mpingo hazidumu sana katika joto la kawaida la Dar. Mbegu ya msituni iliyokosa mvua kwa wakati wake mara nyingi imeliwa au imeoza.

Kuhusu moto, wapo wanaodai kuwa huamsha mbegu zote. Mninga una tunda gumu lenye miiba katikati na bawa pembeni, na moto hafifu waweza kusaidia kulipasua; mche wake hufa sehemu ya juu kila kiangazi kwa miaka mingi huku mzizi ukinenepa chini, kisha siku moja huchomoza shina na kukua moja kwa moja. Hayo ni maisha ya mti wa miombo, misitu ya nyanda kavu iliyozoea moto. Kuyahamishia kwenye msitu wa pwani kama Pugu au Kazimzumbwi, ambako miti mingi haikuzoea kuungua, ni kosa kubwa, nami nadhani ndilo linalotetewa kwa maneno mengi kuliko ushahidi.

Ipo pia dhana kwamba kila kichipukizi chini ya mti ni mtoto wake. Kwa mpingo, fukua udongo kidogo kwa vidole. Mara nyingi utakuta kimeunganishwa na mzizi wa mti mkubwa. Ni mti ule ule, wenye udhaifu ule ule.

Miche ya Karomia iliyokuzwa St. Louis imewahi kuchanua, na hilo ni jambo la kushukuru, ila haimaanishi kuwa mti umeokolewa. Miche hiyo ni uzao wa wazazi wachache mno, na Kilwa bado inahitaji msitu wenye wadudu wa kuchavusha, kivuli na udongo wake. Vivyo hivyo, mwenye nia njema anayeokota mbegu chini ya mti adimu bila kibali cha mamlaka ya misitu, ili akazioteshe nyuma ya nyumba Tabata au Mbezi, huenda anaondoa zile chache zilizokuwa hai.