"Rathe": neno lililokufa likaacha mtoto

Juzi nimekwamishwa na neno la herufi tano. Nilikuwa natafsiri "Lycidas", shairi la John Milton la mwaka 1637, pale anapoagiza maua ya kulimwagia jeneza la mwenzake aliyezama baharini. Jeneza tupu, maana bahari haikumrudisha. Ua la kwanza kuitwa ni primrozi, nalo limetanguliwa na sifa moja: "rathe".

Katika Kiingereza cha kale neno hili lilihusu wepesi, haraka. Baadaye likawa la vitu vinavyowahi: ua linalotangulia mengine, tunda linaloiva wenzake wakiwa bado mabichi. Tunda hilo waliliita "rathe-ripe". Wamarekani wakalivuruga likawa "rareripe", hasa kwa mapichi. Leo "rathe" halisemwi, ila mtoto wake yuko kila kinywa: "rather". Asili yake ni "mapema zaidi". Mwingereza anayesema angependa chai kuliko kahawa, kwa mzizi wa neno lake, anasema chai ndiyo angeiwahi. Sisi tuna "afadhali", la Kiarabu, lenye mzizi wa ubora. Wao walipima kwa saa, sisi kwa thamani.

Basi nitafsiri vipi? "Malimbuko" lilinijia kwanza, nikaliacha: hayo ni mavuno ya kwanza ya shamba, hata kama mbegu yenyewe ni ya kuchelewa. Kwenye duka la pembejeo utasikia "mbegu ya muda mfupi", sawa kabisa kwa mahindi, lakini si juu ya jeneza. Na la kuvundika silitaki hata kulisikia; huko ni kulazimishwa.

Nikageukia Kilatini, "praecox": "kabla" na "kupika". Tunda la mapema ni lililopikwa kabla ya wakati, mpishi akiwa jua. Hapo nilicheka peke yangu. Embe limeiva, maharage yameiva. Sisi hatujawahi kuhitaji vitenzi viwili. (Neno hilohilo la Kilatini lilipita kwa Wagiriki, Waarabu wakalifanya "al-barquq", likarudi Ulaya kupitia Hispania na Ureno, na ndilo lililozaa jina la tunda la aprikoti.)

Lakini ua haliivi. Nikaandika: "primrozi iliyowahi, ifayo mpweke." Mhariri amenirudishia kwa wino mwekundu: "Imewahi wapi?"