Bingwa wa kayaki hachakai akifika miaka 30

Wengi huamini kwamba mbio fupi za kayaki, mtumbwi mwembamba unaoendeshwa kwa kasia, ni mchezo wa vijana wenye mabega mapana, na kwamba mpiga kasia akishavuka miaka 30, au akishazaa, zama zake zimekwisha. Birgit Fischer wa Ujerumani anatosha kuivunja dhana hiyo. Alitwaa dhahabu ya Olimpiki huko Moscow mwaka 1980, akiwa na miaka 18, katika mita 500 za mtu mmoja. Dhahabu yake ya mwisho aliipata Athens mwaka 2004 akiwa na miaka 42, mama wa watoto wawili. Katikati hapo alistaafu na kurudi zaidi ya mara moja! Jumla ni dhahabu 8 na fedha 4, na hapo Olimpiki ya 1984 aliikosa kwa sababu Ujerumani Mashariki, nchi yake wakati huo, iliisusia.

Kosa ni kudhani kuwa mikono ndiyo injini. Mikono hasa hushika kasia. Nguvu huanzia kwenye mguu unaosukuma kibao cha miguuni, hupita nyongani, kisha kiwiliwili huzunguka na kuuvuta mtumbwi ulipite kasia lililozama majini. Tena mita 500 kwa kayaki ya mtu mmoja huchukua karibu dakika mbili, kwa hiyo pumzi ina uzito kuliko mkurupuko wa kuanzia. Ufundi na pumzi hudumu kuliko kasi tupu ya misuli. Na kwenye boti ya watu wanne, mzoefu anayeshika mdundo ni wa thamani mno.